Nanyori Si Mama Chupa

Lilian wa klabu ya mazingira hapa chuoni alinifuata kwenye maua. Akanipa kalamu na daftari jipya.

"Shikamoo babu. Tunabandika habari za wafanyakazi ukutani, pale kantini. Wewe tuandikie ya Yeyo Nanyori. Unamjua kuliko sisi."

Nikamwuliza, "Na ya bibi yenu Elizabeti, nani anaandika?"

Akaangalia viatu vyake. "Babu, hizi ni za walio kazini."

Basi. Naandika ya aliye kazini. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, enzi za kambi ya kahawa. Ni chache, zitatosha.

Nanyori katoka Kakesio, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro. Ni Mmasai. Miaka yake haijui. Mimi namkadiria amepita arobaini kidogo. Alikuwa na ng'ombe. Ukaja ule ukame, ng'ombe wakaisha. Aliwahi kuniambia: "Wa mwisho tulikuwa tunamwinua kwa mikono kila asubuhi, wanawake wanne. Asubuhi moja hatukumwinua."

Akashuka Karatu. Akauza shanga kando ya lami, pale magari ya watalii yanapopunguza mwendo. Shanga hazikununuliwa. Kila mama ana shanga. Akafagia hoteli moja, msimu wa wageni ukaisha, akaachishwa. Mwaka jana mwezi wa saba chuo chetu kikamchukua kwenye usafi.

Ana mikono mirefu. Mzigo anaubeba mgongoni, mkanda wa ngozi unapita kwenye paji la uso. Anatembea haraka. Hapigi soga, haibi sabuni. Hayo ndiyo mazuri yake. Nimeyatanguliza yaishe.

Sasa niseme kweli. Nilimchukia siku ya kwanza, kwa ajili ya glavu.

Siku hiyo bwana Clemensi, msimamizi wa usafi, alimpa glavu mpya za mpira na kizibao cha kung'aa. Wakampiga picha ameshika kiroba. Picha ikabandikwa. Mke wangu Elizabeti alifanya kazi ile ile miaka tisa, mikono mitupu. Chupa iliyopasuka ilimkata hapa, chini ya kidole gumba. Kovu alikwenda nalo kaburini. Hakuna aliyempiga picha. Mimi picha yake ninayo moja, ya kadi ya kura, na humo amekunja uso kwa sababu ya jua.

Kwa hiyo nilipoona zile glavu nilirudi kwenye maua yangu nikaukata ua wote wa miti, pasipo sababu.

Ili mnielewe, lazima nimtaje Elizabeti. Lilian, usikate hapa.

Sisi ni watu wa Mbulu. Tulikuja huku vijana, kuvuna kahawa ya wenye mashamba. Chuo kimejengwa juu ya shamba hilo hilo. Mibuni iling'olewa, majengo yakasimama, watu wengi wakaenda zao. Mimi nikabakizwa kwenye maua. Yeye akawekwa kufagia hosteli.

Maji ya bomba hapa yana siku zake. Wanafunzi wananunua ya chupa. Wakishakunywa wanatupa dirishani, upepo unazipeleka korongoni. Mwaka mmoja mbuzi wa jirani alikufa, wakampasua, tumboni plastiki tupu. Elizabeti alikwenda kumtazama yule mbuzi. Akarudi, akasema, "Baba Benson, hii haifai." Hakuongeza. Kesho yake akachukua kiroba akapanda hosteli.

Huko alikuta kikwazo ambacho watu wa ofisini hawakijui mpaka leo. Kwetu mtu akichanganyikiwa, tunasema anaokota makopo. Mzazi akimgombeza mtoto, anamwambia utaishia kuokota makopo. Sasa kijana ambaye baba yake ameuza dume la ng'ombe ili asome, unamwambia ainame mbele ya wasichana aokote kopo. Hainami. Hata liwe miguuni pake, analiruka kama anavyoruka dimbwi.

Elizabeti hakulitamka lile neno hata siku moja. Alisimama kwenye kipandio cha chini cha ngazi akaita, "Chupa! Nileteeni chupa!"

Siku ya kwanza alishuka binti mmoja mpole na chupa ya chai. Imejaa, na kikombe juu. Alidhani mama wa watu ana kiu. Hosteli nzima ikatoka kucheka. Elizabeti akakaa kwenye ngazi, akainywa chai yote bila haraka, akafuta mdomo.

"Ahsante mwanangu. Sasa leteni tupu."

Tangu hapo akawa Mama Chupa. Kijana akimwita Mama Makopo kwa utani, alimrudishia alizoleta.

"Makopo ni ya vichaa," anamwambia. "Wewe una kichaa? Peleka kwa wenzako."

"Mama, nisamehe. Ni chupa."

"Ehee. Ni nini?"

"Ni chupa, mama."

"Haya, weka."

Nilimjengea banda nyuma ya jiko, kwa mabanzi ya mkaratusi. Niliacha nafasi kati ya banzi na banzi ili chupa zipate hewa. Kumbe nafasi ile ndiyo ilifanya kazi. Mwanafunzi akienda kula anachungulia, anaona chupa yake imepangwa. Mwisho wa mwezi anaona gari la kutoka Arusha linapakia. Ameona kwa macho yake. Mtu akishaona habishi.

Chuo kilileta mapipa matatu, ya rangi tatu, yameandikwa Kizungu. Yakawekwa getini, wageni wayaone. Hosteli ziko juu kabisa, unapanda mpaka unahema. Hata hivyo watoto walijaribu. Walishuka na vitu vyao, wakasoma, wakagawa. Wiki ya tatu trekta likaja. Mtu wa trekta akainua pipa la bluu akamimina kwenye tela. Akainua la kijani, akamimina hapo hapo. La njano, hapo hapo. Likaenda zake shimoni. Kijana mmoja alipiga kelele dirishani, "Jamani, tumesoma rangi bure!" Mapipa yalikufa siku ile. Humo utakuta ganda la ndizi na soksi.

Bwana Clemensi naye akatangaza kwa kipaza sauti, ukumbi umejaa: "Kuanzia kesho, kila mwanafunzi ataokota makopo kumi!" Walicheka mpaka walimu. Si mtu mbaya Clemensi. Ulimi ulimteleza. Lakini kuanzia hapo mtu akionekana na chupa mbili mkononi anaambiwa, "Na bado nane, pole mgonjwa."

Waliendelea kumletea Elizabeti peke yake.

Mwaka jana mwezi wa nne, mvua nyingi, kifua kikambana. Siku sita. Tulimzika shambani kwetu.

Niliporudi kazini nilifunga lile banda kwa kufuli. Clemensi akaja.

"Mzee Xavery, pole tena. Vipi, tunaweza kutumia banda? Tunatafuta mtu wa kushika ile kazi."

"Hapana," nikasema. "Kwetu vitu vya marehemu havishikwi na mgeni mpaka mwaka uishe."

Yeye ni mtu wa Singida. Akavua kofia. "Basi mila ni mila, mzee."

Si uongo mtupu. Wazee wetu Wairaqw wa Mbulu walikuwa na miiko yao, nyumba iliyofiwa ilikaa kando na watu. Lakini mwaka hawakuutaja. Mwaka niliutunga mimi, pale pale, nimeshika mkasi wa maua.

Miezi mitatu ikapita. Ndipo akaja Nanyori na glavu zake.

Alipanda hosteli siku ya pili. Nilikuwa napunguza ua wa pale chini. Akasimama kwenye ngazi za Elizabeti, kwenye kipandio kile kile, akaita kwa sauti ya kuitia ng'ombe: "Makopo! Leteni makopo!"

Madirisha yakajaa vichwa.

"Yeyo, umetuona tumechanganyikiwa?"

"Makopo yako upande wa wavulana, Yeyo! Huku tuna akili!"

Wanaita Yeyo kwa sababu ndivyo Wamasai wanavyoita mama. Alingoja. Akashuka na kiroba kitupu.

Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Neno moja tu lilihitajika. Ningesema, mama, sema chupa. Sikusema. Nilikata ua.

Kesho yake tena, "Makopo!" Wiki nzima. Nilimfuata kila hosteli na mkasi wangu ili nimsikie anavyochekwa. Ua wa hosteli ya wasichana niliukata mpaka ukabaki mifupa. Jioni nikifika nyumbani nilikuwa nalala vizuri. Hiyo nayo ni aibu, lakini Lilian amesema tuandike ya kweli.

Kisha wasichana kadhaa wakaanza kumwonea huruma. Mmoja akamwita, "Mama Chupa mpya! Njoo uchukue zangu!"

Niliacha kukata. Mama Chupa mpya! Miezi mitatu kaburini, na jina limeshapewa mtu, kama godoro la hosteli.

Nanyori alipita kama kiziwi. Hakugeuka. Msichana akaita mara ya pili na ya tatu, "Mama Chupa!" Hakuitika. Alichukua zile chupa, akainamisha kichwa kushukuru, akaondoka.

Hapo nikachukia zaidi. Angeitika, ni mwizi. Hakuitika, basi ana kiburi. Nikasema moyoni, jina la mke wangu analiona chafu.

Nikaanza kumchunguza. Wafanyakazi wote hapa walinipa pole na jina. Pole kwa Elizabeti, pole kwa mama Benson. Nanyori alisema "Pole mzee", na kwisha. Akiuliza habari ya banda, anasema "banda la yule". Akisimuliwa kazi ilivyokuwa ikifanywa, anasema "yule alifanya hivyo?" Yule, yule. Hata mbwa wa mlinzi ana jina.

Banda limefungwa, kwa hiyo viroba vyake vichache aliviweka nje, ukutani. Nyani wa korongoni wakavitoboa. Upepo ukamaliza. Wanafunzi wakiteremka kula wanaona chupa zimesambaa kwenye tope, zile zile walizotoa jana. Wakasema, "Kumbe hazifiki popote." Hata wale wasichana wa huruma wakaacha. Dirishani zikaanza kuruka upya. Mimi nikapita nikaziona korongoni, nikasema, si mnaona? Elizabeti hayupo. Nilitaka kila mtu aone kwamba hayupo.

Mwisho wa mwezi wa kumi Clemensi akanijia. Hakuvua kofia safari hii.

"Mzee Xavery, ofisi imechoka. Uchafu nje ya jiko, wakaguzi wanakuja. Wamesema mwezi huu ukiisha bila mpango, habari ya chupa basi. Zote shimoni na kiberiti. Na lile banda litavunjwa."

"Banda nimejenga mimi."

"Kwenye uwanja wa chuo, mzee."

Akaondoka. Nikakaa kwenye toroli. Miaka tisa ya mke wangu ilikuwa inakwenda kuchomwa na mafuta ya taa, na kufuli lilikuwa langu.

Hata hapo sikumwendea Nanyori. Alinijia yeye, kesho yake asubuhi, nikiwa kwenye mawaridi. Glavu hakuvaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Wanataka kuchoma. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Fungua wewe. Mimi nitasimama nje. Nitakupa kiroba mlangoni, wewe unaweka ndani kwa mkono yako. Mimi siingii. Sikuja kuchukua kitu yako, mzee."

Yalikuwa maneno mazuri. Kwa hiyo nikatafuta pengine pa kumchoma.

"Mke wangu alikuwa anaitwa nani?"

Akaangalia mawaridi.

"Umekaa hapa miezi mingapi? Hujamtaja hata mara moja. Yule, yule! Mtaje. Sema Elizabeti, mara moja tu, nikupe ufunguo sasa hivi. Huu hapa."

Nikautoa mfukoni, nikaushika mbele ya uso wake. Akavuta shuka akafunika mdomo.

"Siwezi, mzee."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Na wewe usiseme kwa nguvu hivyo, unamsumbua."

"Namsumbua nani?"

Akaangalia huku na huku, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kisha akakaa chini, kwenye majani niliyokata.

"Kwetu mtu akiondoka, jina lake haliitwi tena. Ukiita, anageuka. Yuko njiani kwake, unamgeuza. Siku hizi vijana wanataja tu, wamesoma. Mimi nililelewa na bibi. Bibi alisema, ukichukua mahali pa mtu, wewe ndiyo wa kwanza kunyamaza. Mimi nimechukua mahali pake. Nimesimama kwenye ngazi yake. Anyamaze nani, kama si mimi?"

Niliushusha ufunguo.

"Na lile neno watoto wanasema, la hii…" Akaokota chupa iliyokuwa pale, akaitikisa. "Hilo neno liko ndani ya jina lake. Nikisema, nimemwita. Ndiyo nasema makopo."

"Wanakucheka, mama."

"Najua."

"Unajua maana yake?"

"Mzee, mimi si mjinga. Nilijua siku ya kwanza, walipofungua madirisha. Wanasema mimi kichaa. Basi. Afadhali mimi kichaa, yule apumzike."

Nimeishi sana. Nimeaibishwa na manyapara, na baba mkwe wangu, na padri mmoja. Hakuna aliyeniaibisha kama yule mwanamke aliyekaa kwenye majani yangu. Mimi mume nilimfungia mke wangu kufuli. Yeye mgeni, hakumjua, hakula naye, alichekwa wiki kwa wiki kwa ajili yake, na hakumwambia mtu.

Na mnadhani nilifurahi? Wivu uliniuma upya. Nilitamani niwe mimi niliyechekwa.

Nikamwuliza, ili nisilie, "Mume wako yuko wapi?"

"Aliondoka. Kabla ya ng'ombe."

"Alikuwa anaitwa nani?"

Akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeambiwa jambo sasa hivi akalisahau sasa hivi. Nikaelewa. Lilian, kwenye ile karatasi ya maswali uliyonipa kuna mahali pa kujaza jina la mume. Paache wazi. Silijui, na sitalijua.

Nikanyanyuka. Tukaenda bandani. Nikafungua.

Ndani kulikuwa kama alivyoacha. Kigoda chake. Viroba vimesimama ukutani. Kwenye kila kiroba alikuwa amefunga kipande cha kitenge, vingine vyekundu, vingine vya maua ya kijani, vingine vyeupe. Zamani nilimtania: "Unapamba takataka?" Alicheka, hakunijibu. Nilidhani ni mapambo. Wanawake wanapenda rangi.

Nanyori alisimama mlangoni. Nikamwambia ingia. Akavua ndala, akaingia. Hakugusa kitu. Aliangalia vile vitambaa, kimoja, kingine. Akainama, akanusa kiroba cha kitambaa chekundu. Akanusa cha kijani.

"Nyekundu ni za mafuta," akasema. "Kijani ni maji. Nyeupe ni maziwa, mtindi wa dukani. Hakuchanganya. Mafuta yakishika zile za maji, mnunuzi anakataa zote."

"Umejuaje?"

"Ni vibuyu, mzee. Kwetu kibuyu cha maziwa mabichi si cha mgando. Ukichanganya yanaharibika. Kila kibuyu kina shanga zake, mama ameweka. Mtu wa nyumba haulizi, anaona." Akagusa kile kitambaa kwa ncha ya kidole. "Yule alikuwa na akili kubwa."

Miaka arobaini na mmoja nimeishi na Elizabeti. Miaka tisa nimeingia bandani mle kila siku. Sikujua. Huyu kaingia dakika moja, pekupeku, akamsoma mke wangu kama anasoma barua. Wivu wa glavu ulikuwa wa kitoto. Huu ulinifanya nishike nguzo. Nilitaka kumwambia atoke. Nilitaka kumwambia aseme tena, aseme na kingine, hiki kigoda kwa nini kiko upande huu, kile kipande cha kioo cha nini.

Nikasema, "Glavu zako ziko wapi? Ndani humu kuna vilivyopasuka."

Akaenda kuzileta.

Tulifanya kazi siku mbili. Mimi napanga, yeye anagawa. Neno lilibaki tatizo. Makopo watoto hawaleti, chupa yeye hasemi. Nikamwambia niite mimi. Akasema hapana, wewe sauti yako ni ya kufukuza kuku.

Jumapili baada ya misa akapanda hosteli. Mimi nyuma, bila mkasi. Akasimama kwenye ngazi.

"Vibuyu! Watoto wangu, leteni vibuyu!"

Madirisha yakafunguka.

"Yeyo, vibuyu tutoe wapi? Sisi tuna chupa tu!"

"Hicho hicho. Wewe wa taulo, shuka na kibuyu cha maji."

"Na cha mafuta je, Yeyo?"

"Cha mafuta mbali! Usiguse cha maji, mama yako hakukufundisha kukamua?"

Walicheka sana. Lakini kuna kicheko kinachokaa dirishani na kicheko kinachoshuka ngazi. Hiki kilishuka. Walikuja na ndala, na mswaki mdomoni, kila mtu na vyake mkononi, hakuna aliyemwambia mwenzake pole mgonjwa. Aliyebeba makopo ni kichaa. Aliyebeba vibuyu amebeba maziwa. Hata wavulana walikuja, na mmoja wa kijiji cha Arash, mtoto wa wafugaji, akavibeba mgongoni kwa mkanda kama Nanyori, akaringa navyo mpaka jikoni.

Wiki hiyo hiyo Clemensi alichungulia bandani, akaona viroba vimejaa na vimepangwa.

"Mzee Xavery, naona mwaka umeisha mapema."

"Umeisha," nikasema.

Hakuchoma. Banda halikuvunjwa. Gari la Arusha lilikuja likapakia, wanafunzi wakasimama wanatazama na sahani zao.

Mngedhani nimepona. Sijapona. Wale walioingia mwaka wa kwanza hawakumwona Elizabeti. Mmoja alinipita juzi, kuna chupa karibu na mguu wangu. "Babu, hicho kibuyu ni chako?" Nilishika jembe kwa nguvu. Kile nilichokuwa nakilinda kwa kufuli, jina, kimekwenda chenyewe. Chuoni hapa hawasemi chupa tena. Hakuna Mama Chupa mpya, na wa zamani hatajwi. Hivyo ndivyo Nanyori alivyotaka apumzike. Mimi sikumtaka apumzike kiasi hicho.

Lilian alikuja na rangi na brashi. "Babu, tuandike mlangoni: Banda la Mama Chupa. Kwa heshima ya bibi."

Ndilo neno nililolingoja. Na Nanyori hasomi. Angepita chini yake kila siku asijue. Nilikaa nalo siku mbili. Siku ya tatu nilimwona anavua ndala mlangoni, kama kawaida yake, kabla ya kuingia. Nikamwambia Lilian achore kibuyu tu.

Kwa hiyo nimeandika hapa. Nimeombwa habari za Nanyori, nimewapa. Ni mtu wa kazi, ana akili, na watoto wanampenda kuliko walivyompenda mke wangu. Imenigharimu kuandika hivyo. Lakini kila nilipopata nafasi nimemweka Elizabeti, na mtu asinifutie jina lake hata mahali pamoja. Elizabeti wa Xavery, wa Mbulu, ndiye aliyeianzisha kazi hii.

Karatasi itakaa kantini, na Nanyori huwa anakula nyuma ya jiko. Siku moja atauliza imesema nini. Lilian, msomee yote. Ukifika penye lile jina, meza mate mahali pake, kisha endelea.